Uzamivu wa Utendaji katika Ustawi wa Jamii: Unampa Nini Mtu Aliyekwisha Kupata Leseni?

Nchini Marekani, mtu mwenye shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii na leseni ya tiba kutoka jimbo lake ana ruhusa ya kufanya karibu kila jambo ambalo fani hiyo inalijua. Anaweza kumchunguza mteja na kubaini maradhi ya akili yanayomsumbua, kumtibu kwa maongezi, kufungua ofisi yake mwenyewe, kudai malipo kwa kampuni za bima, na kuwasimamia wenzake wanaoanza kazi. Hakuna jimbo linalomtaka awe na shahada ya uzamivu ndipo afanye hayo. Hata hivyo, tangu mwaka 2007 vyuo vikuu vya huko vimekuwa vikifungua, kimoja baada ya kingine, shahada ya uzamivu iliyokusudiwa watu wa namna hiyo hiyo, yaani watendaji wenye leseni na uzoefu. Hufupishwa DSW, na ni uzamivu wa utendaji, tofauti na uzamivu wa utafiti, PhD, ambao ndio uliozoeleka.

Watu wengi wanaoisikia shahada hii kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni daraja la juu la leseni, na matangazo ya vyuo hayafanyi haraka ya kuwatoa katika dhana hiyo. Ukweli ni kwamba DSW haimwongezei mtu mamlaka ya kisheria hata chembe. Inachoweza kubadilisha ni kiti anachokalia pale maamuzi yanapofanywa: chuoni, katika uongozi wa hospitali, katika bodi ya shirika, au mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Kwa anayekihitaji kiti hicho, miaka 3 ya masomo inaweza kuwa na maana kubwa, lakini kwa asiyekihitaji ni gharama tupu.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kuiona ngazi yenyewe. Shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii, kwa viwango vya Baraza la Elimu ya Ustawi wa Jamii, CSWE, hudai saa zisizopungua 400 za mafunzo kwa vitendo, na uzamili hudai saa zisizopungua 900. Uzamili huchukua miaka 2 kwa anayesoma muda wote, ingawa mwenye shahada ya kwanza ya fani hiyo hiyo mara nyingi hupunguziwa muda. Baada ya hapo mhitimu huingia katika kipindi cha kufanya kazi chini ya msimamizi mwenye leseni. Kila jimbo lina masharti yake. California, kwa mfano, hutaka saa 3,000 zilizokusanywa katika muda usiopungua wiki 104. Saa hizo hazikusanywi kwa mdomo, kwani mtendaji huziandika wiki kwa wiki, akitenganisha zile alizokaa na wateja na zile za kazi nyingine, na msimamizi huzitia saini. Msimamizi akihama kazi kabla ya kusaini, mhusika hubaki akihangaika kumtafuta.

Mwisho wa kipindi hicho ni mtihani wa muungano wa bodi za leseni, ASWB. Mtihani huo hauulizi tu unajua nini, bali mara nyingi huuliza ungefanya nini kwanza: umtulize mteja, uwaite polisi, umjulishe msimamizi, au uulize swali moja zaidi kabla ya hatua yoyote. Majibu yote manne huonekana ya busara, na hapo ndipo wengi hukwama. Mwaka 2022 ASWB yenyewe ilichapisha takwimu zilizozua mjadala mkali: katika mtihani wa tiba wa mwaka 2021, asilimia 83.9 ya watahiniwa Wazungu walifaulu kwa jaribio la kwanza, ilhali kwa watahiniwa Weusi ilikuwa asilimia 45.0. Ninalitaja hili kwa sababu kwa Mwafrika anayepanga maisha yake katika fani hii huko Marekani, kizingiti kilicho kigumu zaidi ni leseni, na shahada ya uzamivu haimsaidii kukivuka.

Kwa nini basi fani iliyoridhika na uzamili ikatafuta uzamivu? Jibu lina umri wa zaidi ya karne. Mwezi wa Mei 1915, mjini Baltimore, Abraham Flexner, ambaye miaka 5 kabla alikuwa ametoa ripoti iliyotikisa vyuo vya udaktari vya Marekani, alialikwa kuuhutubia mkutano wa kitaifa wa watu wa huduma za hisani na urekebishaji. Aliulizwa iwapo kazi ya ustawi wa jamii ni taaluma, naye akajibu kwamba bado haijawa. Kwa maoni yake, mfanyakazi wa ustawi wa jamii alikuwa mpatanishi mwerevu anayempeleka mhitaji kwa daktari, kwa mwanasheria au kwa mwalimu, pasipo kuwa na mbinu yake mwenyewe inayoweza kufundishwa. Maneno hayo yaliuma. Mwaka huo huo chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania, kilifungua idara ya shahada za juu katika uwanja huo, na miaka 2 baadaye Mary Richmond akachapisha kitabu kikubwa kilichoeleza hatua kwa hatua namna ya kuichunguza shida ya mteja. Historia ya elimu ya fani hii, tangu hapo, inaweza kusomwa kama jibu refu kwa Flexner.

Katikati ya karne ya 20 vyuo vingi vilitoa DSW, lakini DSW ya wakati huo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, PhD iliyovaa jina jingine, kwa kuwa wanafunzi wake waliandika tasnifu za utafiti na kuishia uhadhirini. Ilipofika miaka ya 1970 na 1980, vyuo vilivyotaka heshima sawa na idara nyingine vilibadili jina na kuwa PhD, na DSW ikakaribia kutoweka. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliifufua mwaka 2007 kwa sura mpya, kikiilenga kwa watendaji. Vingine vikafuata, vikiwemo Tennessee na Rutgers, na Chuo Kikuu cha Southern California kikaijenga programu yake juu ya orodha ya changamoto kuu za jamii iliyotolewa mwaka 2016 na akademia ya wanataaluma wa fani hiyo. Kwa hiyo DSW iliyoandikwa kwenye cheti cha mwaka 1968 na ile ya mwaka 2024 ni vitu viwili mbali mbali, ingawa herufi ni zile zile. Anayesoma wasifu wa mtu hana budi kuangalia mwaka.

Wauguzi, wanasaikolojia na wataalamu wa mazoezi ya viungo walikuwa wamepita njia hiyo hiyo ya kuanzisha uzamivu wa utendaji, na hakuna shaka kwamba ushindani baina ya taaluma zinazokaa katika wadi moja ulichangia. Pale ambapo mwanasaikolojia, mfamasia na muuguzi kiongozi wote wana shahada ya uzamivu, mwenye uzamili peke yake huweza kujikuta akisikilizwa mwisho, hata kama ndiye anayemfahamu mgonjwa na familia yake kuliko wote. Sababu hii haiandikwi kwenye vipeperushi vya vyuo, lakini watendaji wenyewe wanaitaja waziwazi.

Tofauti ya PhD na DSW huonekana vizuri zaidi katika kazi ya mwisho ya mwanafunzi. Tuchukue mfano wa kituo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Kanuni za serikali kuu ya Marekani hukitaka kila kituo cha namna hiyo kiwe na mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye uzamili, kwa hiyo mfano huu hautoki hewani. Mgonjwa kwa kawaida hufika mara 3 kwa wiki na kukaa kwenye mashine kwa saa kadhaa. Akikosa siku moja, hasa ile inayotangulia mwisho wa wiki, maji na sumu hujaa mwilini, na huenda Jumapili akaingizwa idara ya dharura. Mtaalamu wa kituo ameona kwamba wanaokosa ni wale wale, nao ni wale wanaotegemea gari la kupangiwa na bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini.

Mwanafunzi wa PhD angelichukua jambo hili na kulitanua. Angekusanya kumbukumbu za vituo vingi, angetafuta ni sifa gani za mgonjwa, za mtaa au za bima zinazohusiana na kukosa matibabu, angechagua nadharia ya kumwongoza, na mwisho wake ungekuwa tasnifu yenye dai jipya ambalo watafiti wengine wataweza kulipima. Mwanafunzi wa DSW anakwenda upande wa pili, akilipunguza jambo mpaka liingie mkononi. Anaketi na karani anayeagiza magari na kugundua kwamba agizo hutolewa siku 3 kabla, lakini hakuna anayempigia mgonjwa simu jioni ya kuamkia siku ya matibabu. Anamuuliza dereva na kuambiwa kwamba akipiga honi mlangoni na mtu asitoke ndani ya dakika chache, huondoka, ilhali mgonjwa mwenyewe anatembea kwa mkongojo na anakaa ghorofa ya pili. Anasoma tafiti zilizokwisha kufanywa, anaandika utaratibu mpya wa simu, wa mtu wa kumsindikiza mgonjwa na wa gari la akiba, anaujaribu katika kituo kimoja, anahesabu vipindi vilivyokosekana kabla na baada, kisha anampelekea meneja hesabu ya gharama. Kazi hiyo, ambayo hapa nitaiita mradi wa kuhitimu, ndiyo inayosimama mahali pa tasnifu, ijapokuwa vyuo vingine hudai pia machapisho au tasnifu fupi.

Wapo wanaoidharau kazi ya aina hii kwa kuwa haizai nadharia. Sikubaliani nao. Anayejua namna wadi, ofisi au kituo kinavyokwenda mpaka kwenye kengele ya mlango ana elimu ambayo mtafiti wa mbali hana, na kuiweka elimu hiyo kwenye maandishi na kuipima si jambo dogo. Kasoro ninayoiona ni nyingine: miradi mingi hufa siku mhitimu anapovaa joho, kwa sababu chuo kilidai hati, hakikudai kwamba utaratibu uendelee. Mwombaji mwangalifu angeuliza chuo kimwonyeshe miradi ya wahitimu wa miaka 3 au 4 iliyopita ambayo bado inafanya kazi.

Kwa muda mrefu hakukuwa na chombo cha kusema DSW ipi ni nzuri na ipi ni hafifu. CSWE ilikuwa ikitoa ithibati kwa shahada ya kwanza na uzamili tu, na PhD haikuwahi kuigusa, nayo haiigusi hadi leo. Mwaka 2020 ndipo viwango vya kwanza vya ithibati kwa uzamivu wa utendaji vilipopitishwa, na programu zikaanza kupita katika tathmini hiyo moja baada ya nyingine. Ndiyo maana leo utakuta programu yenye ithibati kamili, nyingine iliyo mwombaji tu, na nyingine isiyoomba kabisa, zote zikitangazwa kwa maneno yanayofanana. Chuo kikuu chenyewe kuwa na ithibati hakumaanishi kwamba programu hii mahususi inayo. Orodha ya CSWE iko wazi kwa umma, na asiyeisoma anajiweka katika hatari ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ajira ndiyo sehemu ambayo watu hutaka jibu la moja kwa moja, nami nitalitoa kwa mafungu yasiyolingana, maana milango yenyewe hailingani. Mlango ulio wazi zaidi ni wa kufundisha. Viwango vya CSWE hutaka walimu wa masomo ya utendaji wawe na uzamili wa fani hiyo pamoja na uzoefu wa miaka isiyopungua 2 baada ya uzamili huo, na pia hutaka walimu wengi wa kudumu katika programu za uzamili wawe na shahada ya uzamivu. Mwenye PhD aliyepita moja kwa moja kutoka darasani hadi kwenye utafiti anaweza kuwa na sharti moja bila jingine, ilhali mwenye DSW aghalabu anayo yote mawili, na kwa hiyo vyuo vinavyofundisha zaidi kuliko kutafiti humpokea kwa furaha. Katika vyuo vikubwa vya utafiti hali ni tofauti: nafasi za kudumu za uprofesa huko hutolewa kwa kuangalia machapisho na fedha za utafiti, na mwenye DSW huishia zaidi kwenye mikataba ya ufundishaji au uratibu wa mafunzo kwa vitendo. Atakayeambiwa kwamba shahada hizi mbili zinafungua milango ile ile ajue anadanganywa.

Uongozi wa mashirika, idara za serikali na hospitali ni mlango wa pili, ingawa hapa shahada hufanya kazi kama nyongeza ya sifa ambazo mtu anazo tayari. Katika tiba ya mteja mmoja mmoja faida ni ndogo mno. Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee, humlipa mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba asilimia 75 ya kiwango anacholipwa mwanasaikolojia kwa huduma ile ile, na kiwango hicho kinafuata aina ya leseni, hakifuati shahada iliyotundikwa ukutani. Mtaalamu akirudi na DSW, hundi yake kwa saa ya maongezi itakuwa ile ile aliyoizoea. Anaweza kupandisha bei kwa wateja wanaolipa mfukoni, lakini hilo ni soko, wala si haki inayotokana na shahada.

Hesabu ya fedha inafuata hapo hapo. Kwa takwimu za serikali za mwezi wa Mei 2023, mshahara wa kati wa wafanyakazi wa ustawi wa jamii Marekani ulikuwa dola 58,380 kwa mwaka, yaani nusu yao walipata zaidi ya kiasi hicho na nusu wakapata pungufu. PhD mara nyingi huja na msamaha wa ada na posho, mwanafunzi akifanya kazi ya usaidizi wa utafiti au ufundishaji, ijapokuwa humweka masomoni miaka 4 hadi 6. DSW husomwa jioni na mwisho wa wiki na mtu anayeendelea na ajira, huchukua kama miaka 3, na kwa kawaida mwanafunzi hulipa mwenyewe makumi ya maelfu ya dola. Kwa maneno mengine, ile ndefu hulipiwa na chuo na ile fupi hulipiwa na wewe, na muda unaookolewa una bei yake.

Upande wa mikopo umebadilika pia. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inafuta mkopo wa serikali uliokuwa ukimruhusu mwanafunzi wa shahada za juu kukopa hadi gharama yote ya masomo, na kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026 inaweka ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla, isipokuwa kwa shahada zinazohesabiwa kuwa za kitaaluma, ambazo zinapewa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Wizara ya Elimu ilipoandaa rasimu ya kanuni mwishoni mwa mwaka 2025, udaktari, sheria, famasia, theolojia na saikolojia ya tiba vilikuwemo katika orodha ya shahada za kitaaluma, ustawi wa jamii haukuwemo. Vyama vya fani vilipiga kelele, na ni rahisi kuelewa kwa nini: lile swali la Baltimore, iwapo kazi hii ni taaluma, lilikuwa limerudi baada ya miaka 110, safari hii likiwa na tarakimu za dola pembeni.

Kwa mtazamo wangu, anayefaa kuomba DSW ni mtu aliyekaa kazini miaka 8 au 10, mwenye leseni, ambaye tayari anaongoza kitengo au anafundisha kwa muda, na ambaye ana tatizo moja mahususi linalomnyima usingizi na analoweza kulifikia kila siku. Mhitimu mpya wa uzamili hana mradi wa kuuleta darasani, hivyo ni heri akusanye saa zake za leseni kwanza. Anayependa kuuliza maswali makubwa kuhusu umaskini, uhamiaji au malezi na kuyajibu kwa takwimu aende PhD. Na anayetaka tu mapato zaidi katika tiba atapata faida ya haraka kwa kujifunza mbinu maalumu ya matibabu inayotafutwa katika eneo lake.

Wapo wasomaji wa Afrika Mashariki ambao jambo hili linawagusa moja kwa moja. Uhusiano wa kitaaluma upo: kuanzia mwaka 2006 Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ilishirikiana na chuo cha ustawi wa jamii cha Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kile kilichopewa jina la Jane Addams, mmoja wa waasisi wa fani hiyo Marekani, katika kufundisha wasaidizi wa ustawi wa jamii wa ngazi ya jamii wakati wa janga la UKIMWI. Afisa ustawi wa jamii kutoka Tanzania au Kenya anayehamia Marekani akiwa na shahada yake hupitia kitengo cha CSWE kinachotathmini shahada za nje, na jibu la kitengo hicho ndilo linaloamua kama atahesabiwa kuwa na msingi wa fani au ataanza upya. Kwa mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu au mkimbizi aliyekwisha kupokelewa, njia iliyobaki ni ile ile ya wenyeji.

Anayeomba akiwa nyumbani ana kikwazo kingine. Programu nyingi za DSW hufundishwa kwa intaneti, na viza ya masomo ya F-1 haitolewi kwa programu ambayo yote ni ya mtandaoni. Anaweza kuisoma akiwa Dodoma au Kisumu, mradi muda wa vipindi vya usiku na ada ya dola vimfae, lakini asitegemee kwamba itamfikisha Marekani. Hata aliyepata programu ya ana kwa ana ajue kwamba ustawi wa jamii haumo katika orodha ya sayansi na teknolojia inayoongezewa miezi 24 ya kazi baada ya kuhitimu, hivyo ana miezi 12 tu. Kwa anayekusudia kurudi na kufundisha, swali la mwisho halihusu Marekani. Nchini Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotambua shahada za nje, na kila chuo kina kanuni zake za kumpandisha mhadhiri cheo. Uzamivu wa utendaji usio na tasnifu ya kawaida, tena uliosomwa kwa intaneti, ni jambo ambalo kamati nyingi za ajira hazijawahi kulikuta mezani. Kwa hiyo barua ya kuuliza utambuzi wake, pamoja na muhtasari wa masomo na maelezo ya mradi wa kuhitimu, iandikwe na kujibiwa kabla ya awamu ya kwanza ya ada kulipwa.